Taji juu ya kofia: Jinsi malkia wa rodeo anavyosakwa Marekani

LANGO la uwanja linapofunguliwa, farasi huchomoka kama mshale. Juu ya tandiko ameketi msichana aliyeshika hatamu kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ameuinua kuwapungia mashabiki waliofurika pembezoni. Nywele zake ndefu zilizotiwa mawimbi zinapepea mgongoni. Kofia yake pana haitikisiki, na mbele ya kofia hiyo linameremeta taji. Huzunguka uwanja mara moja kwa mbio za shoti, vumbi likitimka nyuma yake, kisha hutokomea kupitia lango lile lile alilotokea.

Mgeni anayetazama kwa mara ya kwanza atadhani ameonyeshwa pambo tu, kipusa aliyeletwa kuwachangamsha watu kabla ya wanaume kuanza kupambana na mafahali. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba msichana huyo amefanyiwa mtihani wa kuandika kuhusu maradhi ya farasi, amehojiwa na majaji faraghani, amehutubia ukumbi bila karatasi na ameendesha farasi kwa mtindo ambao wapandaji wengi wa kawaida wasingeuweza. Mvutano baina ya nusu hizo mbili, pambo na mpandaji, ndio uliozaa mashindano haya.

Rodeo ni mchezo uliotokana na kazi ya kuchunga ng'ombe. Jina lenyewe ni la Kihispania, nalo latokana na neno lenye maana ya kuzunguka au kuzingira, kwa kuwa wachungaji wa Meksiko walikuwa wakiwazingira ng'ombe na kuwakusanya kabla ya kuwatia alama. Wamarekani waliurithi ujuzi huo, na kufikia mwishoni mwa karne ya 19 ulikuwa umegeuka mashindano ya hadhara. Tamasha la Cheyenne katika jimbo la Wyoming lilianza mwaka wa 1897, na lile la Pendleton, Oregon, likafuata mwaka wa 1910. Yote mawili yangali yanafanyika. Mchezaji hutakiwa kukaa juu ya fahali au farasi mkaidi kwa sekunde 8, akijishikilia kwa mkono mmoja tu. Wengine hurusha kamba ya tanzi kumnasa ndama, au huruka kutoka kwa farasi na kumwangusha maksai kwa kumshika pembe.

Nyingi kati ya rodeo hizi huandaliwa katika kaunti. Ifahamike kuwa kaunti ya Marekani si kubwa kama moja ya kaunti 47 za Kenya. Nchi hiyo ina zaidi ya kaunti 3,000, na baadhi yazo hazina hata wakazi elfu moja. Kila mwaka, hasa msimu wa kiangazi, kaunti hufanya maonyesho ya kilimo na mifugo ambayo Mkenya angeyafananisha na yale ya Jamhuri Park, Nairobi, na mara nyingi rodeo huwa ndiyo kilele chake. Hapo ndipo malkia hutafutwa. Kwa kawaida vyeo hugawanywa kwa umri, kuanzia vitoto vya shule ya msingi hadi mabanati waliokwisha kuhitimu shule ya upili, lakini mwenye cheo cha malkia ndiye anayebeba jina la kaunti.

Majaji hupima mambo matatu makuu: upandaji wa farasi, haiba na mwonekano. Uzito wa kila jambo hutofautiana kutoka kaunti hadi kaunti, na tofauti hiyo si jambo dogo. Kaunti inayotoa alama nyingi kwa upandaji inatangaza kwamba inataka mchunga ng'ombe aliyevishwa taji. Inayotoa alama nyingi kwa mavazi na tabasamu inatangaza jambo jingine kabisa.

Upandaji hupimwa kwa mchoro maalumu ambao mshindani hupewa mapema aukariri. Atamwendesha farasi kwa miduara mikubwa na midogo, atatengeneza umbo la nambari 8 na kumbadilishia farasi mguu wa kutangulia pale miduara inapokutana. Baadaye atamtimua mbio na kumsimamisha ghafla hadi miguu ya nyuma iteleze mchangani, amrudishe kinyumenyume, halafu amgeuze papo kwa papo. Haya yote yafanywe bila kuvuta hatamu kwa nguvu na bila uso kukunjamana. Katika kaunti nyingi mshindani huja na farasi wake mwenyewe. Kwenye mashindano ya kitaifa ya Miss Rodeo America, hata hivyo, wasichana hupanda farasi wasiowajua, waliogawiwa kwa kura. Kanuni hii ni kali lakini ya haki, maana aliyezoea farasi ghali aliyefunzwa na wengine hujikuta ghafla juu ya mnyama asiyelijua jina lake.

Baada ya hapo huja mzunguko wa mbio ulioelezwa mwanzoni. Huu waonekana rahisi ilhali una hatari zake. Mpandaji huenda kasi huku ameachilia mkono mmoja, macho yako kwa watazamaji badala ya njia, na farasi mwenyewe amezingirwa na kelele, vipaza sauti na bendera zinazopepea. Aidha, malkia hutarajiwa kubeba bendera katika maandamano ya ufunguzi. Kitambaa kikishikwa na upepo huvuta kama tanga, na mlingoti wake hukaa ndani ya kikombe kidogo kilichofungwa karibu na kikuku cha tandiko. Farasi ambaye hajazoeshwa sauti ya kitambaa kikipigapiga karibu na jicho lake anaweza kumtupa bibiye mbele ya kadamnasi.

Mtihani wa maarifa nao umewaangusha wengi waliodhani sura ingetosha. Mshindani anaweza kuulizwa moyo wa farasi mzima aliyetulia hupiga mara ngapi kwa dakika (ni kati ya 28 na 44), mimba yake huchukua muda gani (miezi 11 hivi), au ni kwa nini msokoto wa tumbo humtia mnyama huyo hatarini kuliko wengi wengine. Sehemu ya jibu la swali hilo la mwisho ni kwamba farasi hana uwezo wa kutapika, hivyo kilichomkwama tumboni hakina njia ya kurudi. Ataulizwa pia kanuni za mchezo. Kwa mfano, katika kupanda fahali, nusu ya alama ni za mpandaji na nusu ni za fahali mwenyewe. Fahali mvivu humponza hata mpandaji hodari. Katika mbio za kuzunguka mapipa matatu, ambazo ni uwanja wa wanawake, kuangusha pipa moja huongeza sekunde 5 kwenye muda wa mshindani.

Lipo swali moja ambalo hakuna anayelikwepa: je, rodeo si ukatili kwa wanyama? Watetezi wa haki za wanyama wamelalamika kwa miaka mingi, hasa kuhusu mkanda unaofungwa kiunoni mwa fahali ili arushe miguu ya nyuma, na kuhusu ndama wanaonaswa shingo kwa kamba wakiwa mbioni. Malkia ndiye hutangulizwa kujibu, kwa maana yeye ndiye anayetumwa shuleni, redioni na kwenye hafla za wafadhili. Hutarajiwa aeleze kanuni za kuwalinda wanyama, kuwepo kwa daktari wa mifugo uwanjani na jinsi mkanda ule unavyofungwa. Ni mzigo mzito kumtwika msichana wa miaka 19, na huenda hakuna kipimo cha haiba kinachoushinda huo.

Mavazi yana sheria zake. Suruali hukatwa ndefu kupita kiasi ili isipande juu ya viatu anapokaa kwenye tandiko. Shati huwa na rangi kali ionekane kutoka viti vya mbali. Katika ngazi za juu huvaliwa magauni ya ngozi yaliyoshonwa mahususi kwa mvaaji. Kofia hukazwa kwa pini na kubana nywele barabara, kwa kuwa kofia inayodondoka uwanjani huweza kumgharimu mshindani alama. Taji halikai kichwani bali hufungwa kwenye kofia yenyewe. Malkia wa rodeo asiye na kofia hana pa kuliweka.

Lakini kwa nini mwanamke anayejua kupanda farasi kiasi hiki apewe taji badala ya kupewa nafasi ya kushindana na fahali? Swali hili linarudisha nyuma karibu karne moja.

Mwanzoni wanawake walishindana. Mwaka wa 1904, Bertha Kaepernik alipanda farasi mkaidi mbele ya umati wa Cheyenne, uwanja ukiwa umelowa tope. Katika miongo miwili iliyofuata wanawake walipanda farasi wasiofugika, wakaangusha maksai na kulipwa kwa kazi hiyo. Mambo yalibadilika Septemba 1929 kule Pendleton. Bonnie McCarroll, mpandaji mwenye tajriba ya miaka mingi, alianguka na farasi wake. Vikuku vya tandiko lake vilikuwa vimefungwa pamoja chini ya tumbo la mnyama, utaratibu uliowekwa eti kuwasaidia wanawake wakae imara zaidi. Mguu wake ulinasa, farasi akainuka na kumburuta. Alifariki hospitalini siku kadhaa baadaye, na Pendleton ikafuta mashindano hayo ya wanawake.

Kilichosemwa wakati huo ni kuwa mchezo ni hatari mno kwa wanawake. Wanaume nao walikuwa wakifa viwanjani, na hakuna aliyependekeza wafungiwe nje. Isitoshe, vikuku vilivyofungwa ndivyo vilivyomnasa McCarroll, na havikuwa vimebuniwa kwa ajili ya wanaume. Mwaka huo huo waandaaji wa rodeo waliunda chama chao cha kwanza cha kitaifa, na michezo ya wanawake haikuwekwa miongoni mwa ile iliyotambuliwa. Mdororo mkubwa wa uchumi ukazidi kubana fedha za zawadi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1940, hata ile rodeo maarufu ya Madison Square Garden, New York, ilikuwa imeachana na wanawake wapandao farasi wakaidi.

Pengo hilo ndilo lililojazwa na wasichana wa aina nyingine. Mwaka wa 1931, mkutano wa wachunga ng'ombe wa Stamford, Texas, uliialika miji ya karibu kila mmoja ulete msichana wa kuuwakilisha. Wasichana hao walipimwa kwa uzuri wa farasi wao, mavazi yao na ustadi wao wa kupanda. Wazo hilo lilisambaa haraka, kwani liliuza tikiti na kuwaridhisha wafanyabiashara wa miji. Mahali pengi umalkia wenyewe ulitolewa kwa msichana aliyeuza tikiti nyingi kuliko wenzake, na hapo binti wa mwenye duka kubwa alimpiku kwa urahisi binti wa mchungaji.

Waliokerwa na hali hiyo hawakukaa kimya. Mwaka wa 1948, wanawake 38 walikutana San Angelo, Texas, wakaunda chama chao ili wapate mashindano ya kweli yenye kanuni na zawadi za kweli. Chama hicho kingalipo kwa jina jingine, na mbio za mapipa zinazojaza viwanja leo ni tunda la juhudi zao. Hivyo, kutoka mzizi mmoja yakachipuka matawi mawili: mwanamke anayeshindana na saa, na mwanamke anayeshindania taji. Wapo wasichana wanaoyafanya yote mawili, na mara nyingi hao ndio huwa wagumu kuwashinda kwenye mchoro wa majaji.

Suala la nani afaaye kuliwakilisha eneo halikukosa ubaguzi pia. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa karibu mchungaji mmoja kati ya wanne wa Magharibi ya kale alikuwa Mweusi, ilhali picha za malkia wa miongo mingi ni za Wazungu watupu. Pendleton ilijitofautisha kidogo mwaka wa 1926 ilipomvisha taji Esther Motanic, msichana wa jamii za wenyeji asilia waishio kandokando ya mji huo. Waamerika Weusi walianzisha rodeo yao ya kuzunguka nchini mwaka wa 1984, wakaipa jina la Bill Pickett, bingwa Mweusi aliyeueneza mtindo wa kumwangusha maksai kwa mikono.

Kikwazo cha siku hizi ni fedha. Farasi hula kila siku, awe na mashindano au asiwe nayo. Kuna trela la kumsafirisha, gari lenye nguvu ya kulivuta, mafuta, fundi wa kwato, daktari, mbali na mavazi. Zawadi kwa kawaida ni tandiko, bizimu ya mshipi na msaada wa karo ya chuo, na familia nyingi huwa zimetumia zaidi ya thamani hiyo kabla ya taji kutolewa.

Mshindi naye hapumziki. Kwa mwaka mzima huzunguka kutoka rodeo moja hadi nyingine akiwa na ukanda wa cheo begani. Katika viwanja vingi, baada ya kumaliza maandamano na kushusha bendera, hurudi uwanjani kufanya kazi ambayo watazamaji hawaipigii makofi: huwaswaga ndama na maksai waliokwisha kukimbizwa hadi watoke langoni, ili mchezaji wa pili aanze bila kuchelewa. Mkaidi mmoja akigoma kutoka, rodeo nzima humsubiri malkia.

Huko Pendleton, kila Septemba, malkia na wasaidizi wake huingia kwa mbio katika uwanja ule ule alikoangukia Bonnie McCarroll. Uwanja huo una nyasi katikati, na baina ya njia ya mbio na nyasi pana uzio. Lango halifunguliwi. Wasichana huwaelekeza farasi moja kwa moja kwenye uzio, nao huuruka mmoja baada ya mwingine, kofia zikiwa kichwani.