Kutembezwa Mji Mkongwe na mtu maarufu: unalipia nini hasa?

Msikilizaji, umekaa barazani Paje jioni, tangazo linaingia kwenye simu. Mtu unayemjua kwa sura, msanii au mchekeshaji wa mitandaoni, anakualika: njoo nikutembeze Mji Mkongwe kutwa nzima. Tuseme bei ni shilingi 150,000 kwa kila mmoja. Mgeni aliyefikia hoteli ya ufukweni huenda asiione kubwa. Lakini kwa kikundi cha akina mama 12 wa mwani, wanaotaka siku moja ya kujipumzisha baada ya kuuza, hiyo ni shilingi 1,800,000. Anayejua kazi ya kufunga mbegu, kuvuna na kuanika anajua ni magunia mangapi hayo.

Hatusemi msiende. Watu wa shamba nao wana haki ya kuujua mji wao, na wengi wetu tunaujua kwa mambo matatu tu: hospitali, soko la Darajani na ofisi tulizotumwa kupeleka karatasi. Tunachotaka ni kuichambua hiyo bei kabla fedha za kikundi hazijatoka.

Ndani ya bei ile kuna vitu vitatu vilivyofungwa pamoja: mji wenyewe, elimu ya anayekutembeza, na jina lake.

Mji wenyewe hauna kiingilio. Ukitoka Darajani ukakata vichochoro hadi Forodhani hakuna anayekudai tiketi, ingawa mji huu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000. Milango ya kuchongwa na baraza utaviona kwa macho yako bure. Ngome Kongwe iko pale pale kando ya bahari. Panapolipiwa ni kwenye majumba ya makumbusho na baadhi ya majengo, na sehemu nyingi bei ya mwenyeji ni ndogo kuliko ya mgeni, kwa hiyo kila mtu achukue kitambulisho chake. Kikundi kimoja kikisahau vitambulisho kinaweza kulipa kama watalii wa Ulaya.

Elimu ndiyo yenye thamani, na ndiyo ngumu kuipima kwa tangazo. Chukua mfano wa Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, Sultan Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Kianglikana kwenye kiwanja cha soko. Wageni hupelekwa pia kwenye vyumba vya chini ya ardhi hapo jirani na kuambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa. Lakini vyumba hivyo viko chini ya jengo lililojengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoipinga hadithi hiyo. Mateso ya soko lile ni ya kweli kabisa. Lakini mtembezaji anayejua kazi yake atakuelezea mabishano hayo. Asiyejua atakuliza machozi kwa hadithi aliyoisikia kwa mwenzake. Kama mnaweza kumpigia kabla ya kulipa, muulizeni kuhusu vyumba hivyo. Jibu lake litawaambia mengi kuliko picha zake zote.

Sasa jina. Jina peke yake linaweza kuuza ziara hata mwenyewe akiwa hayupo duniani. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Waparsi. Alipelekwa skuli India akiwa mdogo, akarudi, kisha yeye na wazazi wake wakahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Tangu 2019 kuna makumbusho yake Shangani, na wapo wanaotembeza watu kufuata nyayo zake. Kwa mtu aliyekua akisikiliza Queen, kusimama mbele ya nyumba ile ni jambo kubwa na fedha yake haijapotea. Kwa asiyejua hata wimbo mmoja, ni mlango na picha ukutani.

Ukituuliza sisi, mwanakijiji angemlipia kwa furaha zaidi mtu anayejua habari za Siti binti Saad. Huyu alizaliwa Fumba karibu mwaka 1880, mwanamke wa shamba aliyekuwa akiuza vyungu, akahamia mjini na kuwa mwimbaji mkubwa wa taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Maisha yake yalikuwa ya Ng'ambo, upande wa pili wa mji, waliko watu wa kawaida, na ziara nyingi haziendi huko. Ziara inayovuka Darajani kuingia Ng'ambo ina kitu ambacho picha za Forodhani hazina.

Yapo pia majina yanayobeba elimu ndani yake. London kulikuwa na Donald Rumbelow, polisi mstaafu aliyeandika kitabu kuhusu muuaji wa karne ya 19 aliyeitwa Jack the Ripper, kisha akawa anawatembeza watu usiku kwenye mitaa ile ile. Umaarufu wake ulitokana na utafiti wake. Umaarufu wa kuchekesha watu ni kipaji cha namna nyingine, nacho kinaweza kuifanya siku iwe tamu, mradi ujue kwamba unanunua kicheko.

Kwa hiyo kabla ya kukubali, ulizeni kwanza kama mtu huyo atatembea nanyi mwanzo hadi mwisho, au atapiga picha asubuhi na kuwaachia kijana wake. Akiugua au akipata kazi nyingine, fedha zinarudi? Halafu idadi. Vichochoro vya Mji Mkongwe vinapitisha watu wawili kwa shida, na pikipiki hazina adabu. Kundi likifika watu 30, walio nyuma hawasikii chochote, wanafuata migongo tu. Ulizeni pia viingilio na chakula vimo au havimo, na sehemu zilizotajwa ziko wazi. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Picha ya zamani ya ndani ya jumba si ahadi kwamba mtaingia.

Mtembezaji halali anatakiwa awe na kibali cha Kamisheni ya Utalii Zanzibar, na umaarufu haumuondolei sharti hilo. Mwambieni awaonyeshe. Wasio na kibali mjini wanaitwa mapapasi, na jina hilo halikuja bure.

Kuhusu malipo, msitume fedha zote kwa namba iliyoandikwa chini ya tangazo. Wapo wanaotumia picha za watu maarufu bila wenyewe kujua. Angalieni jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuingiza namba ya siri, na kama si la mtu au kampuni mliyozungumza nayo, simamisheni hapo. Ni bora kutoa arubuni ndogo na kumaliza deni mkionana.

Na kabla ya yote, pigeni hesabu ya njia ya pili. Mtembezaji wa kawaida mwenye kibali, mzaliwa wa mjini, mara nyingi hukubali kupatana bei ya kundi zima badala ya kichwa kwa kichwa. Ongezeni nauli ya gari ya kwenda na kurudi, viingilio vya wenyeji, na chakula. Jumla hiyo iwekeni kando ya shilingi 1,800,000. Tofauti itakayobaki ndiyo bei ya jina, na kikundi kikae kiamue kama kinaitaka. Kama wengi wanamshabikia mtu huyo na fedha za mbegu na za watoto zimeshatengwa, basi waende na wafurahi.

Vyovyote mtakavyoamua, ondokeni Paje alfajiri mtembee kabla jua halijapanda, na muwe mmemaliza mapema. Magari ya kurudi pwani ya mashariki hupungua jioni, na gari la kukodi usiku kwa watu 12 ni gharama ambayo hakuna tangazo litakaloitaja.