Ng'ombe Mkongwe Anapotetemeka

Ng'ombe wa maziwa wa Kamachumu, wilayani Muleba, amezaa jana. Leo miguu ya nyuma inamtetemeka, anapepesuka, mwishowe analala na kukunjia shingo ubavuni. Masikio ni ya baridi. Mfugaji huhisi sumu au jicho la mtu. Daktari wa mifugo huhisi homa ya maziwa.

Kilichopungua ni kalsiamu ya damu, ambayo misuli haifanyi kazi bila yake. Maji yote ya damu ya ng'ombe mkubwa yana gramu 3 hivi tu, ilhali lita 10 za dang'a huondoka na zaidi ya gramu 20. Pengo hilo huzibwa na mifupa na utumbo, kwa amri ya homoni itokayo kwenye tezi ndogo za shingoni. Mifupa ya mtamba bado inakua, hivyo huitika upesi. Ya ng'ombe wa mzao wa tatu na kuendelea huchelewa.

Mwaka 1897 Schmidt, daktari wa mifugo wa Kolding, Denmark, aliamini kwamba sumu hutengenezwa kiweleni, akakijaza dawa. Baadaye wenzake wakapuliza hewa tupu, na ng'ombe wakainuka! Kumbe mgandamizo ulizuia maziwa kutengenezwa, kalsiamu ikabaki mwilini. Watafiti Dryerre na Greig ndio walioeleza upungufu huo, mwaka 1925. Siku hizi hutundikwa dripu ya kalsiamu, tena polepole, maana ikienda mbio moyo huweza kusimama.

Ng'ombe wa kufungiwa wa Bukoba na Muleba hulishwa migomba iliyokatwakatwa, maganda ya ndizi, na mabingobingo yaliyostawi kwa samadi yake mwenyewe. Vyote vina potasiamu nyingi, na potasiamu ikizidi mifupa huwa mizito kuitikia ile homoni. Kwa maoni yangu, wiki tatu za mwisho za mimba apunguziwe migomba, akatiwe nyasi za rweya, yaani mbuga za wazi nje ya migomba, ambako samadi haifiki. Chokaa nayo isubiri azae: mwili unaopata kalsiamu ya bure huacha tezi zikisinzia.

Aliyekwisha kulala asinyweshwe kitu kwa chupa, kwani hamezi vizuri na dawa huishia mapafuni. Aegemezwe kwa magunia ya nyasi akae kwa kifua, na ageuzwe ubavu kila baada ya saa chache, hata kama pikipiki ya daktari imekwama kwenye tope. Paja lililolaliwa muda mrefu hufa misuli, na hapo dripu itarudisha kalsiamu lakini ng'ombe hatasimama.