MWATIKO, MAJI NA MATUMBAWE: FUNZO KUTOKA BOLINAO



Wanafunzi wapenzi na wazazi wetu watukufu, mwatiko ni samaki tunayemjua sote. Anang'aa kama fedha, nyama yake ni tamu, na miiba yake midogo huwasumbua watoto kila anapopikwa. Miaka hii havuliwi tu, bali anafugwa pia. Kuanzia Kilifi hadi Mtwara, na huko Unguja na Pemba, viko vikundi vya akina mama na vijana waliochimba mabwawa nyuma ya mikoko, wakapandikiza vifaranga na kusubiri mavuno. Hii ni riziki ya halali na tunaiunga mkono.

Pamoja na hayo, kila anayefuga samaki kwa maji ya bahari anapaswa kujiuliza swali moja: chakula ninachokimwaga majini kinaishia wapi? Upo mji mmoja ambao ulilipata jibu la swali hili kwa hasara kubwa, na samaki aliyefugwa huko alikuwa huyu huyu mwatiko. Katika toleo hili tumeona ni vyema tuusome mkasa wake.

BOLINAO NI WAPI?

Bolinao ni mji wa wavuvi katika nchi ya Ufilipino. Wengi wetu tumeisikia nchi hiyo kwa habari za ndugu zetu Waislamu wa Mindanao, upande wa kusini. Bolinao iko mbali na huko, kaskazini, katika kisiwa cha Luzon, mkoa wa Pangasinan. Bahari yake inafanana na yetu: kuna miamba ya matumbawe, majani ya bahari, na mikono ya bahari yenye kina kifupi kati ya nchi kavu na visiwa. Chuo Kikuu cha Ufilipino kina maabara ya bahari hapo hapo mjini, na kwa sababu hiyo yaliyotokea yamehifadhiwa kwa vipimo vya kitaalamu.

Katika miaka ya 1990 watu wa hapo waliingia kwa wingi katika ufugaji wa mwatiko. Wengine walijenga nyua za miti na nyavu zilizochomekwa chini ya bahari. Wengine walitumia vizimba vya nyavu vinavyoelea. Faida ilionekana, na kila aliyemwona jirani yake anavuna naye akataka kujenga. Kikomo kilichowekwa kwa maji ya Bolinao kilikuwa nyua na vizimba 544. Idadi ikapanda mpaka ikazidi maradufu ya kikomo hicho.

CHAKULA KINAISHIA WAPI?

Samaki aliyefungiwa katika wavu hawezi kwenda kujitafutia. Hulishwa chakula cha punje. Sehemu ya punje hizo haziliwi, huzama. Zinazoliwa, sehemu yake hutoka kama kinyesi na mkojo. Chakula hicho kina naitrojeni na fosforasi, na zaidi ya nusu ya naitrojeni iliyomo haibaki katika nyama ya samaki. Inarudi majini. Mambo hufuatana hivi:

1. Uchafu huzama na kurundikana chini ya vizimba, na sehemu nyingine huyeyuka katika maji.

2. Naitrojeni na fosforasi ni mbolea. Mkulima huzitia shambani ili mahindi yastawi. Zikizidi baharini hustawisha vimelea vya kijani visivyoonekana kwa macho pamoja na mwani wa porini. Maji hupoteza uangavu wake.

3. Vimelea hivyo vikifa, bakteria huvila pamoja na uchafu ulioko chini. Bakteria nao wanapumua. Huvuta oksijeni iliyomo majini na kutoa hewa ya kabonidayoksaidi.

4. Oksijeni hupungua na kabonidayoksaidi huongezeka. Hapo kemia ya maji imeshabadilika, ingawa mtu aliyesimama ufukweni anaona bahari ile ile.

Hali huwa mbaya zaidi usiku. Mchana mimea ya majini hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni. Jua likizama kazi hiyo husimama, lakini kupumua hakusimami. Kwa hiyo oksijeni huwa chini kabisa karibu na alfajiri, wakati ambao wengi wetu tunaamka kwa sala.

Wavuvi wetu wanajua pia tofauti ya bamvua na maji mafu. Siku za bamvua maji hujaa sana na kutoka sana, na uchafu hubebwa. Siku za maji mafu bahari haina nguvu ya kujisafisha. Nyua na nyavu nyingi zikizuia mkondo mahali penye kina kifupi, hata nguvu hiyo ndogo hupungua.

MSIBA WA MWAKA 2002

Mapema mwaka 2002 samaki wa Bolinao walikufa kwa wingi usio wa kawaida. Siku chache kabla ya hapo oksijeni katika maji ilikuwa imeshuka chini ya miligramu 2 kwa lita. Samaki wengi huanza kutaabika inaposhuka chini ya miligramu 5. Wakati huo huo maji yalijaa aina ya vimelea iitwayo Prorocentrum minimum, ambayo ilikuwa haijaripotiwa kuchanua namna hiyo katika nchi ya Ufilipino. Watu waliowekeza akiba zao walikuta samaki wao wanaelea. Vifo vya namna hiyo vikatokea tena mwaka 2010.

Wataalamu walipolinganisha vipimo vya kati ya mwaka 1995 na 2005 waliona kwamba amonia imeongezeka kwa asilimia 56, naitreti kwa asilimia 90 na fosfeti kwa asilimia 67. Kwa hiyo msiba ule haukuja kwa siku moja. Ulijengwa kidogo kidogo, punje kwa punje, kwa miaka mingi.

MATUMBAWE YANAINGIAJE HAPA?

Tumbawe ni mnyama, ingawa linaonekana kama jiwe. Ni jamii ya wanyama wadogo sana wanaojijengea nyumba ya chokaa. Wazee wetu walilijua hilo kwa vitendo: walichoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea nyumba na misikiti ya mwambao wetu. Ndani ya mwili wa mnyama huyo huishi vimelea vinavyompa chakula, navyo vinahitaji mwanga.

Maji ya bahari yana asili ya ualikali. Kipimo chake cha pH ni kama 8.1. Kabonidayoksaidi ikiyeyuka ndani yake hufanya asidi hafifu, na pH hushuka. Kushuka kwa 0.3 kunaonekana kidogo, lakini maana yake ni kwamba asidi imekaribia kuzidi mara mbili. Pia asidi hiyo hupunguza kaboneti, kitu ambacho tumbawe hukihitaji kujengea chokaa yake. Ni sawa na fundi anayeletewa mchanga na maji huku saruji ikipunguzwa kila siku.

Mnaweza kujaribu darasani. Chukueni kipande cha ganda la yai, mkitie katika siki. Mtaona mapovu, na baada ya muda ganda litalainika. Ganda la yai na tumbawe vyote vimejengwa kwa kaboneti ya kalsiamu. Bahari haiwi siki, na mwamba hauyeyuki kwa usiku mmoja, lakini njia ni hiyo hiyo: tumbawe hujenga polepole zaidi, na jengo lake hudhoofika.

Watafiti wa Bolinao walipima jambo hili. Katika mwamba unaopokea maji kutoka eneo la ufugaji walikuta mbolea nyingi, oksijeni kidogo na pH ya chini kuliko miamba iliyo mbali. Uchunguzi mwingine ulifanywa juu ya aina moja ya tumbawe la matawi, na ukaonesha kwamba kuwa karibu na vizimba kunalidhuru. Maji machafu hulinyima mwanga, mwani hulifunika, na matumbawe machanga hukosa mahali pasafi pa kushika.

Bahari yote duniani inapokea kabonidayoksaidi ya moshi wa viwanda na magari, na hilo hatuwezi kulizuia sisi peke yetu. Lakini uchafu wa vizimba ni mzigo wa pili unaoongezwa juu ya mzigo wa kwanza, na huu wa pili uko mikononi mwa watu wa pale pale.

SISI TUFANYE NINI?

Mabwawa yetu mengi ni madogo, na hayako ndani ya bahari kama vizimba vya Bolinao. Hii ni nafasi ya kujifunza mapema. Tunapendekeza haya:

(a) Tujue kiasi cha maji yetu. Kabla ya kuongeza bwawa au kizimba, tuulize maji ya hapo yanabadilika kwa kasi gani. Kikomo kikiwekwa kifuatwe na wote, maana Bolinao kikomo kilikuwepo.

(b) Tusilishe kupita haja. Punje isiyoliwa ni hasara mara mbili, ya fedha na ya bahari.

(c) Tusikate mikoko kwa ajili ya mabwawa. Mikoko husaidia kuchuja maji na ni malezi ya samaki wengi.

(d) Tutumie mwani. Huko Makoba, Unguja, watafiti walipitisha maji yanayotoka katika mabwawa ya samaki kwenye mwani. Mwani ulinyonya mbolea iliyomo, ukakua kwa kile ambacho kingekuwa uchafu.

Mvuvi wa dema na mama anayeokota chaza pwani hawana bwawa wala kizimba, lakini mwamba ukifa wao ndio wa kwanza kulala na njaa. Anayefuga samaki anatumia maji ambayo hakuyanunua na ambayo si yake peke yake. Bahari ni neema tuliyoikuta, nayo ni amana mikononi mwetu kwa ajili ya watakaokuja.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini oksijeni majini huwa chini karibu na alfajiri?
2. Kabonidayoksaidi inalizuiaje tumbawe kujenga nyumba yake?
3. Muulize mzee au mvuvi wa mtaani kwenu: mwamba ulikuwaje alipokuwa kijana, na leo ukoje? Andika majibu yake.

Wabillahi Tawfiq.