Palahala wa Shimba: Safari ya Siku Moja Kutoka Kikoneni

Mwulize mkulima yeyote wa upande wetu wa Kwale habari za wanyama wa mwitu, naye atakujibu habari za mahindi. Atakueleza jinsi nyani walivyoingia shambani mchana kweupe, na jinsi nguruwe walivyofukua mihogo usiku. Hayo ni haki yake kuyasema, wala sina nia ya kumbishia. Lakini liko jambo moja linalonishangaza. Wageni kutoka Ujerumani na Uingereza hulala Diani, hudamka kabla ya jua, wakapanda Milima ya Shimba ili kumtazama mnyama ambaye wengi wetu tuliozaliwa karibu naye hatujamwona hata kwa picha. Mnyama huyo ni palahala.

Palahala ni jamii ya paa wakubwa. Dume aliyekomaa ni mweusi mgongo mzima, na tumbo lake ni jeupe pe. Uso wake una mistari mieupe kana kwamba umechorwa kwa chokaa. Jike ni mwenye rangi ya hudhurungi. Wote wawili wana pembe, lakini za dume hupinda kuelekea nyuma kama jambia, na urefu wake huweza kupita mita moja. Madume yakigombana hupiga magoti, kisha hupigana kwa pembe. Mama akizaa humficha mtoto katika majani marefu kwa majuma ya kwanza, akaenda malishoni na kurudi kumnyonyesha. Huko Angola wako palahala wakubwa zaidi, na watu wa nchi hiyo wanawaheshimu hata timu yao ya taifa ya mpira inaitwa kwa jina lao.

Hapa Kenya palahala hawana makao mengine ila Shimba. Katika hesabu ya wanyama iliyofanywa nchi nzima mwaka 2021, waliohesabiwa walikuwa 51 tu. Msomaji aifikirie hesabu hiyo vizuri. Darasa moja la shule ya msingi huweza kuwa na watoto zaidi ya hao. Mnyama huyu anataka mbuga yenye majani. Vichaka vikisonga mbele na kuimeza mbuga, chakula chake hupungua, na kwa kuwa hifadhi imezungukwa na mashamba, hana mahali pengine pa kuhamia. Mtu anayesema, "Nitakwenda kumwona siku nyingine," afahamu kwamba siku nyingine hiyo haina dhamana.

Basi, safari yenyewe ikoje? Hifadhi ya Shimba, iliyotangazwa mwaka 1968, hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Yafaa kufika mapema, maana asubuhi wanyama wako mbugani, na jua likipanda huingia kivulini. Hairuhusiwi kuzunguka ndani kwa miguu upendavyo, kwa hiyo ni bora watu kumi hivi wachange fedha wakodi gari moja. Mwananchi hulipa ada ndogo kuliko mgeni, ila achukue kitambulisho chake, na malipo hufanywa kwa simu, si kwa noti mkononi. Chakula na maji mchukue kwenu.

Tulipokwenda sisi watu wanane wa afisi moja, ukungu ulikuwa bado umelala juu ya vilima, na baridi ilitufanya tujutie mashati mepesi. Watu wa pwani hatukutazamia baridi. Ukungu ulipoinuka tuliona majike kadhaa yakila majani, na kando yao dume moja lililosimama na kututazama kana kwamba sisi ndio tuliokuja kuhesabiwa. Mwenzetu mmoja, ambaye njia nzima alikuwa akilalamikia nauli, hakusema neno tena mpaka tulipoondoka.

Baadaye askari wa wanyama, mwenye bunduki kwa ajili ya ndovu, huwaongoza wageni kwa miguu mpaka maporomoko ya Sheldrick. Maji huanguka kiasi cha futi 70 katikati ya msitu. Kwenda ni kuteremka, na kurudi ni kupanda, kwa hiyo wazee wapime nguvu zao. Katika milima hiyo hiyo ziko chemchemi za Marere, ambazo maji yake hupelekwa mpaka Mombasa. Wako wanaonywa maji ya msitu huo bila kujua kwamba uko.

Najua msomaji mwenye shamba ataniuliza: na ndovu je? Swali lake ni zito. Ndovu walizidi Shimba hata mwaka 2005 serikali ikawahamisha 150 kwenda Tsavo Mashariki, na ugomvi wao na wakulima haujaisha. Upande wa kaskazini, huko Mwaluganje, Waduruma na Wadigo wenye ardhi walijaribu njia nyingine: mnamo miaka ya 1990 waliacha kulima sehemu ya mashamba yao ili ndovu wapite, wakapata sehemu ya ada za wageni, na mavi ya ndovu yakatengenezwa karatasi. Fedha hizo hazikuwa nyingi kila mwaka, lakini kwa maoni yangu jaribio hilo lina maana kuliko makelele ya kupiga madebe usiku kucha. Palahala, kwa upande wake, hana kesi hiyo. Yeye hushika majani ya mbuga yake.

Kuhusu majira, wakati wa masika njia za hifadhini huteleza na gari huweza kukwama. Miezi ya Januari na Februari ni mizuri, majani yakiwa yamepungua na macho yakifika mbali. Julai mpaka Septemba pia ni kukavu kiasi, ijapokuwa miezi hiyo ina mshindani: nyangumi wenye nundu hutoka bahari ya barafu kusini wakaja kuzaa na kulea katika maji yetu ya joto, na mashua za Shimoni na Wasini huwapeleka watu kuwatazama. Lakini wakati huo ni wa kusi, bahari huchafuka, na kukodi mashua si rahisi kama kukodi gari.

Kwa hiyo nawashauri wazazi na walimu wa Kikoneni waanze na Shimba. Mchango uanze kukusanywa baada ya mavuno, siku ipangwe Januari kabla ya shughuli za kulima, na gari liondoke alfajiri. Ndani ya gari wakubwa wakae katikati, watoto wakae madirishani.