MISUMARI IPIGWAYO KWA BARUTI

Hapana mwenyeji wa Gongo la Mboto asiyejua nguvu za baruti. Usiku wa tarehe 16 Februari, 2011, ghala za silaha za kambi ya jeshi zilipolipuka, watu wasiopungua 20 walikufa, na maelfu wakakimbia nyumba zao. Baruti tutakayoieleza hapa ni chembe tu mbele ya ile, lakini nayo yaweza kuua. Kwa hiyo mafundi na wenye nyumba yawapasa kuifahamu.

Kipo chombo mfano wa bastola, kipigacho msumari katika zege kwa fataki. Fataki hiyo ni kijikopo cha shaba chenye baruti, wala haina risasi. Ikilipuka husukuma kipande cha chuma, nacho husukuma msumari.

Swali la kwanza si "Fataki ipi ina nguvu?" bali "Ukuta huu ni wa namna gani?" Vaa miwani ya kazi, simamisha ncha ya msumari ukutani, uupige kwa nyundo. Ncha ikifa, ukuta ni mgumu mno. Ukuta ukipasuka, kama kigae kipasukavyo, vipande vitaruka. Msumari ukizama upesi, ukuta ni laini, nao waweza kutokea upande wa pili na kumdhuru aliye chumbani. Tofali la mchanga lililotiwa saruji haba ni la namna hii. Katika hali hizo tatu chombo hiki hakifai. Ikibaki alama ndogo, na ncha ikiwa nzima, kazi yaweza kuanza.

Pili, msumari. Usitumie msumari wa mbao, maana hupinda. Tumia ule wa chuma kigumu uliofanywa kwa chombo hicho. Ukiingia katika zege milimita 25, unene wa zege usipungue mara tatu yake, yaani milimita 75. Kadhalika usipige karibu na ukingo kuliko milimita 75, zege lisije likameguka.

Tatu, fataki. Nguvu zake hujulikana kwa rangi: hudhurungi ni dhaifu, kijani yaizidi, kisha njano, na nyekundu ni kali. Rangi nyingine hutofautiana kwa watengenezaji. Basi soma sanduku. Anza daima kwa iliyo dhaifu kuliko zote zikubaliwazo na chombo chako. Msumari usipozama vema, panda daraja moja tu.

Fataki isipolia, usikiondoe chombo ukutani. Kikandamize sekunde 30, ujaribu tena. Ikikataa, ngoja sekunde 30 nyingine, kisha itoe na kuitia majini. Wala usitembee na chombo kilichokwisha kutiwa fataki, wala usiwaachie watoto fataki hizo.

Tahadhari kabla ya hatari. Walimu wa ufundi twawasihi wawafundishe vijana kuupima ukuta kwanza, ndipo wafungue sanduku la fataki.