Patti Smith: Mama wa panki aliyeimba vita, bintiye akipiga piano

MAREKANI ilipoivamia Iraq Machi 2003, mwanamuziki Patti Smith alikuwa na miaka 56, mjane aliyelea watoto wawili. Alijiunga na waandamanaji waliopinga vita hivyo. Mwaka uliofuata, 2004, akatoa albamu iitwayo Trampin'.

Smith ni mkongwe wa panki, muziki wa magitaa yenye kelele na maneno makali ulioshamiri New York na London miaka ya 1970. Albamu yake ya kwanza, Horses ya 1975, ilimpa jina. Lakini mwaka 1979, akiwa kileleni, aliacha majukwaa na kuhamia Michigan kuishi na mpiga gitaa Fred Smith, ambaye baadaye alifunga naye ndoa. Huko walimlea Jackson na mdogo wake, Jesse.

Wapo waliodhani amejizika nyumbani. Kumbe aliamka alfajiri akaandika kabla watoto hawajaamka. Fred alifariki mwaka 1994, na Smith akarudi kazini akiwa mlezi peke yake.

Malezi hayo yanasikika katika Trampin'. Wimbo wake mrefu zaidi, Radio Baghdad, unachukua takriban dakika 12. Haumtazami rais wala jenerali. Unamtazama mama wa Baghdad anayejaribu kuwabembeleza wanawe walale huku mabomu yakianguka, katika mji uliokuwa kitovu cha elimu duniani karne nyingi zilizopita. Wimbo mwingine mrefu unamhusu Gandhi. Mother Rose ni wa kumkumbuka mama yake Smith, aliyefariki mwaka 2002.

Wahakiki wengi waliipokea vizuri. Waliosifu walisema hasira yake haijazeeka. Waliokosoa walisema nyimbo ndefu za siasa zinageuka hotuba, na kwamba nyimbo fupi na tulivu ndizo zinazogusa zaidi.

Hoja hiyo ina uzito, hata nyumbani. Mtoto akihubiriwa muda mrefu huacha kusikiliza. Ila katika Radio Baghdad, ukiondoa urefu, kinachobaki ni swali ambalo kila mzazi analielewa: nani atamtuliza mtoto usiku huu?

Albamu inafungwa kwa wimbo wa zamani wa kiroho wa Wamarekani weusi, uliowahi kuimbwa na Marian Anderson. Hapo magitaa yananyamaza. Mama anaimba, na anayepiga piano ni Jesse, bintiye aliyezaliwa mwaka 1987.

Leo habari za vita humfikia mtoto kwenye simu kabla mzazi hajajua. Kwa mwenye kijana wa sekondari, albamu hii yaweza kufungua mazungumzo. Anzeni na Peaceable Kingdom, wimbo mpole wa kujenga upya kilichobomoka. Radio Baghdad isikilizeni pamoja, kisha mwache kijana aseme kwanza.