Mnyonya damu wa Harrow na mtoto asiye na jiwe

Majira ya joto yanapoingia hapa Uingereza, maduka ya vitabu hupanga karibu na mlango riwaya nene za kusomwa ufukweni, bustanini au ndani ya treni. Nyingi humchukua mtu aliyeishi kweli, mfalme au mshairi, na kumzungushia majini, uchawi na wafu wanaotembea. Wapo wanaozibeza. Sisi hatumo, maana nasi huzisoma. Ila leo tungependa kumpeleka msomaji mahali ambapo hadithi ya namna hiyo inakutana na kaburi la kweli.

Mahali penyewe ni Harrow, kaskazini-magharibi mwa London, ambako wamo majirani wengi wenye asili ya Asia waliotoka Uganda, Kenya na Tanzania. Ukishuka kituo cha Harrow-on-the-Hill ukapanda kilima, utafika kwenye shule maarufu ya Harrow na kanisa la Mtakatifu Maria. Mshairi Lord Byron alisoma hapo kuanzia 1801 hadi 1805. Jina lake limechongwa kwenye mbao za ukuta wa darasa moja la zamani, na darasa hilo hilo ndilo lililotumika kwa somo la uchawi katika filamu ya kwanza ya Harry Potter, mwaka 2001.

Uwanjani kwa kanisa kuna kaburi la mtu aitwaye Peachey. Kijana Byron alikuwa akijilaza juu yake kwa saa nyingi, akitazama bonde. Baadaye lilizungushiwa vyuma, kwa kuwa mashabiki walikuwa wakimega vipande vya jiwe na kwenda navyo!

Aprili 1815 mlima Tambora, katika Indonesia ya leo, ulilipuka na majivu yake yakafifisha jua. Mwaka uliofuata Ulaya haikuona majira ya joto: mvua, baridi, mazao yakaharibika. Byron alikuwa kando ya ziwa Geneva pamoja na daktari wake John Polidori, mshairi Percy Shelley, Mary aliyekuwa na miaka 18, na Claire Clairmont, binti wa mama wa kambo wa Mary. Walipofungiwa ndani na mvua, Byron alipendekeza kila mmoja atunge hadithi ya vizuka. Mary akatoa Frankenstein (1818). Polidori akatoa The Vampyre (1819), kuhusu bwana mkubwa mnyonya damu anayefanana mno na Byron. Tena ilichapishwa kwanza kwa jina la Byron mwenyewe. Dracula alikuja mwaka 1897.

Mwaka 1995 Tom Holland, ambaye leo anajulikana zaidi kama mwanahistoria, alitoa riwaya yenye jina lile lile. Safari hii Byron mwenyewe ndiye mnyonya damu, asiyekufa. Kisa kinashikilia jambo la kweli: kumbukumbu alizoandika Byron zilichomwa moto London Mei 1824, mwezi mmoja baada ya kifo chake Ugiriki. Ndani ya riwaya, ili abaki kijana, anahitaji damu ya kizazi chake mwenyewe.

Hapo ndipo kicheko kinapotukauka. Claire aliondoka Geneva akiwa na mimba. Binti yake, Allegra, alizaliwa Januari 1817. Byron alimchukua kutoka kwa mama yake, kisha akamweka katika nyumba ya watawa huko Bagnacavallo, Italia, ingawa mama alipinga kwa barua. Mtoto alifariki humo Aprili 1822, ana miaka mitano. Baba aliusafirisha mwili hadi Harrow, kilima cha ujana wake, na kuomba kibao cha kumbukumbu kanisani. Wakuu wa kanisa walikataa, kwa sababu wazazi hawakuwa wameoana. Jiwe alilolalia Byron likapata uzio. Binti yake hakupata hata jina, hadi kibao kilipowekwa mwaka 1980.

Kwetu Afrika Mashariki tunao mfano wa kuchanganya pepo na historia. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile (1969) kuhusu Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeaminika kuingiwa na pepo Hongo na kugawa maji ya kuzuia risasi. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, na vita vya Maji Maji vikaua makumi ya maelfu. Hussein aliwaambia wasomaji wake waziwazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa fikra, si yule mtu wa historia. Ni maneno machache, lakini yanamwachia marehemu kilicho chake. Riwaya nyingi za ufukweni hazina hata ukurasa mmoja wa namna hiyo.

Atakayekuwa London kiangazi apande treni ya Metropolitan mpaka Harrow-on-the-Hill, Holland akiwa mkobani. Mwendo wa kupanda kilima si mrefu. Kaburi la Peachey halimpotei mtu, kwa vile vyuma vyake. Kibao cha Allegra ni kidogo, itabidi akitafute.